Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuishi na majirani Kimara

Maswali haya husikika dukani kwa Mangi, kwenye foleni ya mwendokasi, msibani na kila mara umeme ukikatika watu wakatoka kukaa barazani. Yanahusu Kimara, Dar es Salaam, na vitongoji vyake vya mlimani na mabondeni: Baruti, Korogwe, Bucha, Stop Over, Suka, Temboni, mpaka Saranga na Mbezi. Mkazi wa Goba, Tabata au Mbagala naye atakuta mengi ya kwake humu. Ninaandika nikiwa mkazi ninayeipenda sehemu hii, na ninaumia kuona majirani wema wakinuniana miaka kwa jambo lililokuwa na mlango wake wa kupelekwa.

Kuna balozi, mwenyekiti, mtendaji na diwani. Nimwone nani?

Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama. Mfumo wake ni wa enzi za chama kimoja na ukabaki ndani ya chama baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Mabalozi wengi wanawafahamu watu wao na wanasuluhisha vizuri, mheshimu, lakini barua yake haikupi haki serikalini.

Mwenyekiti wa mtaa unamchagua wewe kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, kwetu Manispaa ya Ubungo. Yeye ndiye anayetunza kumbukumbu na kusimamia sheria ndogo. Diwani anaiwakilisha kata nzima kwenye baraza la madiwani, kule bajeti inakopitishwa.

Kwa hiyo ugomvi wa jirani na jirani unaanzia kwa mwenyekiti, karatasi na usimamizi kwa mtendaji, na jambo linalohitaji fedha za manispaa linapelekwa kwa diwani. Ukimfuata diwani akuamulie habari ya mti wa mwembe uliovuka ukuta, utazungushwa bure.

Mkutano wa mtaa una maana gani? Si wanakaa wazee kumi wanaamua wanachotaka?

Wanaamua wao kwa sababu wewe hukwenda. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na mpangaji ni mkazi sawasawa na mwenye nyumba. Michango ya ulinzi, utaratibu wa taka, njia ipi ichongwe kwanza, yote yanapita pale. Ukitaka kujua fedha za mtaa zimeliwa au zimetumika, mkutano ndiyo sehemu ya kusomewa mapato na matumizi, na una haki ya kuuliza.

Nalisema hili kwa msisitizo, maana nusu ya malalamiko yaliyomo humu yalipaswa kumalizwa pale. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, omba uhamishiwe Jumapili jioni. Watu wakiomba kwa wingi, huwa wanasikilizwa.

Barua ya utambulisho inalipiwa?

Kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki, dhamana ya polisi, yote yanadai barua ya mtaa, na ndiyo maana watu wanaliona hili kila siku. Kanuni ya kujilinda ni moja: malipo yoyote halali ya serikali yana kontrol namba au stakabadhi. Ukiambiwa "toa ya karatasi na wino", omba stakabadhi kwa adabu. Mara nyingi ile hela inasahaulika hapo hapo.

Bondeni maji yanatoka siku nzima, sisi juu tunasubiri usiku wa manane. Kwa nini?

Maji ya Kimara yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi, wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Yanafuata Barabara ya Morogoro kupitia Kibaha, Kibamba na Mbezi mpaka kwenye matangi ya Kimara. Wenzetu wa Tegeta na Mbezi Beach wanapata ya Ruvu Chini, lita milioni 270. Mto wa mitambo yote miwili ni mmoja, ndiyo maana vuli ikichelewa kama ilivyokuwa Oktoba 2022, mji mzima unaingia kwenye mgao.

Lakini hata siku isiyo na mgao, Kimara ni milima na mabonde. Mchana watu wa bondeni wanafungua mabomba, msukumo unaishia kwao. Usiku wakilala, maji yanapanda. Hakuna anayekuonea, ni mteremko tu.

Uonevu upo kwa anayefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Pampu ile haiongezi maji, inayavuta ya majirani. Utaijua hivi: bomba lako linatiririka vizuri, ghafla linakohoa, linatoa hewa, linakauka, na ng'ambo ya ukuta unasikia mvumo. Jambo hili limekatazwa. Namna sahihi ni kuacha maji yaingie kwenye tanki la chini yenyewe, kisha pampu iyatoe humo kuyapeleka kwenye simtanki la juu. Mweleze jirani hivyo kwanza, maana wengi walifungiwa na fundi bila kujua. Akikataa, ripoti DAWASA.

Mita inazunguka na hewa. Ninalipia upepo?

Maji yakirudi baada ya kukatika, hewa iliyo bombani inasukumwa mbele na inaweza kuzungusha mita. Yakikatika funga koki ya mita. Yakirudi, usiwe wa kwanza kufungua, na ukifungua anza taratibu.

Halafu jifunze kusoma mita yako. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Piga picha ya mita tarehe ile ile kila mwezi. Ankara ikikuandikia uniti 40 wakati nyumba ina watu watatu na mgao wa siku mbili kwa wiki, picha zako zitakusaidia kuliko sauti kubwa dirishani.

Tuko wapangaji sita, LUKU moja. Kila wiki ugomvi. Suluhisho ni nini?

Hili ndilo jambo linalovunja undugu wa nyumba za kupanga kuliko lingine lolote. Mwenye friji anasema friji halili umeme, mwenye pasi anasema anapiga mara moja kwa wiki, na kijana wa chumba cha uani anayerudi saa tano usiku anadaiwa sawa na familia ya watu watano.

Wengi hawajui kwamba LUKU ya pamoja inawatia hasara wote. TANESCO ina kundi la wateja wadogo, D1, wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, na bei yao ni shilingi 100 kwa uniti. Mkiwa sita kwenye mita moja, na humo kuna friji na pasi, mnavuka 75 kwa urahisi hata kama kila chumba peke yake kinatumia kidogo, na mita inahesabiwa kwenye kundi la T1, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wanyonge sita wanalipa bei ya mtu mwenye kiyoyozi.

Mita ya TANESCO kwa kila chumba ni ndoto kwa nyumba nyingi, gharama za kuunganisha mjini zinafahamika. Kinachowezekana ni mita ndogo za ndani, kila chumba na yake. Fundi mwenye leseni azifunge, kila mmoja asome matumizi yake, na hela ikusanywe kwa uniti. Wapangaji wakichanga nusu na mwenye nyumba akatoa nusu, inakwisha. Hazitawarudisha kwenye D1, ila zitaondoa kisirani cha kila wiki. Kama mita ndogo hazijapatikana, kaeni mpange kwa vifaa: jiko la umeme na hita mbali, friji mbali, pasi mbali, taa na chaji sawa kwa wote. Muandike kwenye karatasi na kuibandika karibu na mita.

Ninakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU wakati mimi mpangaji. Ni haki?

Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Kuikusanya kwa LUKU kulianza Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa hulipa zaidi, kwa hesabu ya kila sakafu. Mkato unaangukia kwa anayenunua umeme, na anayenunua mara nyingi ni mpangaji.

Weka meseji za manunuzi ya LUKU, jumlisha makato, mpelekee mwenye nyumba ayatoe kwenye kodi ya chumba. Mama mwenye nyumba muungwana hatabisha. Bora zaidi lisemwe siku ya kusaini mkataba kuliko siku ya kudaiana. Na kama nyumba yenu ina mita mbili au tatu na zote zinakatwa, chukueni namba zote mwende mkaeleze kwenye ofisi ya TANESCO kwamba ni jengo moja.

Mvua ikinyesha jirani anatapisha choo. Nifanye nini?

Hapa sina upole. Anayesubiri mvua kubwa afungue chemba ili uchafu uende na maji, anaupeleka kwenye kisima cha mtu, kwenye uwanja wa watoto na kwenye genge la mama anayeuza mchicha bondeni. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam kikianzia Kinondoni, na Kimara wakati huo ilikuwa bado upande wa Kinondoni kabla Ubungo haijawa manispaa. Tulizika watu.

Kutapisha ni kosa la afya ya jamii. Mwite bwana afya wa kata siku hiyo hiyo wakati harufu na mkondo vipo, mpe picha zinazoonyesha bomba linapotokea. Ukimwita wiki ijayo jua limeshakausha kila kitu.

Lakini tuseme na upande wa pili: gari la kunyonya ni ghali kwa mpangaji wa chumba kimoja, na vichochoro vingine gari halifiki. Nyumba tatu za jirani zikiagiza gari moja siku moja zinaelewana bei, na mipira mirefu ipo, ulizia kabla halijaja. Na wewe mwenye nyumba uliyeweka vyumba 10 juu ya shimo lililochimbwa kwa familia moja, kosa ni lako kabla halijawa la mpangaji.

Gari la taka halipiti lakini ada inadaiwa.

Lipa kwa stakabadhi, na weka kumbukumbu ya siku ambazo halikupita. Mzabuni wa taka anafanya kazi kwa mkataba na anaweza kubadilishwa, ila diwani na mtendaji wanahitaji ushahidi wa kuanzia. Kumbuka pia kwamba taka zetu zinasafiri mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, upande wa pili wa jiji, na masika gari linakwama kwenye njia zetu.

Kutupa korongoni hakukubaliki kwa namna yoyote. Korongo likiziba, maji yanatafuta mlango wa mtu. Kuchoma plastiki alfajiri nako kunaumiza vifua vya watoto na wazee.

Kigodoro mpaka asubuhi, baa kila kona, mkesha wa maombi na maspika. Tunalala saa ngapi?

Kanuni za kelele na mitetemo zilizotoka mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zinaweka kiwango cha sauti kwa makazi, na cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Hazibagui baa, nyumba ya ibada, gereji bubu wala sherehe ya jirani. NEMC, baraza la taifa la mazingira, imewahi kufungia baa jijini kwa hili.

Sherehe ya usiku inahitaji kibali, na kibali kina muda wa mwisho. Ukiwa na shughuli, pita nyumba za karibu siku mbili kabla, waambie muziki utazimwa saa ngapi, kisha uuzime saa hiyo kweli. Waliofanya hivyo hawajawahi kupigiwa polisi na mtu. Kwa nyumba za ibada, nenda kwa kiongozi wake mchana, mkiwa wawili au watatu, mkiwemo waumini wa hapo hapo. Ombi la kugeuza spika ziangalie ndani linapokelewa vizuri kuliko vitisho. Baa ni biashara yenye leseni: andika kwa mtendaji wa kata, na ikishindikana NEMC.

Maji ya mvua ya jirani wa juu yanabomoa msingi wangu. Nani ana kosa?

Kimara ni udongo laini wa kichanga kwenye mteremko. Kila paa jipya la bati na kila uwanja uliosakafiwa unaongeza maji yanayoteremka kwa kasi. Zamani nyasi na mikorosho iliyanywa. Sasa ufa wa upana wa kidole kwenye njia ya watu, mvua ya kwanza ya masika inaufanya mfereji, na ikifika Mei mtoto wa chekechea hawezi kuuvuka bila kushikwa mkono.

Wa juu ana wajibu wa kuyakusanya maji ya paa lake: gata, tanki, na yanayozidi yapelekwe kwenye mtaro wa njia. Kutoboa tundu chini ya ukuta ili yamwagikie jirani ni kumhamishia balaa. Wa chini naye hana haki ya kujenga ukuta mzima bila matundu pale ambapo mkondo ulikuwepo kabla yake. Ukuta wa namna hiyo unazuia msimu mmoja, wa pili unaanguka, na ukianguka unaua.

Dawa inayofanya kazi ni ya pamoja. Nyumba zote za mkondo mmoja, kuanzia juu mpaka korongoni, zikubaliane mtaro mmoja, kila mmoja achimbe na kujengea kipande chake, viroba vya mchanga vipangwe na matete yapandwe kingoni. Nimeona njia zilizookolewa hivi na njia za jirani, udongo ule ule, zilizopotea kwa sababu mtu mmoja wa katikati aligoma.

Ukiwa kando ya mto au kijito, sheria ya mazingira inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60. Waliowekewa alama ya X ya kubomolewa nyumba bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015 wanajua hili lilivyowagharimu.

Barabara yetu ya ndani ni ya nani?

Barabara ya Morogoro ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Za ndani zilizosajiliwa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza 2017. Vichochoro vilivyobaki tulivichora wenyewe tulipouziana viwanja, na vinatutegemea sisi. Kabla ya kuchangishana greda, uliza kwa mtendaji kama njia yenu imesajiliwa. Kama imesajiliwa, andikeni TARURA kupitia kata. Kama haijasajiliwa, ombeni isajiliwe. Na tafadhali, kifusi kisimwagwe kabla mtaro haujachimbwa, mvua mbili tu zinakipeleka chote bondeni na michango ya watu.

Jirani amesogeza ukuta kwenye mpaka. Niende mahakamani?

Anza na mashahidi wa mauziano na majirani wa pande nne. Ikishindikana nenda baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hili halihukumu tena kesi za ardhi, kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30. Likishindwa linakupa hati ya kuonyesha hivyo, unaenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usivunje ukuta kwa mikono yako hata kama una uhakika, utageuka mshtakiwa kwenye ardhi yako mwenyewe.

Ninanunua kiwanja huku. Nichunge nini?

Pima umbali kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro. Hifadhi ya barabara kwa upande huu ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi sana kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Ndani yake zilikuwemo nyumba za wastaafu walioweka kiinua mgongo chote pale. Kuwa na umeme na maji ya bomba hakukuwasaidia.

Ofisi ya mtaa ikidai asilimia 10 ya bei ili ishuhudie, uliza ni sheria gani. Viongozi wa wizara ya ardhi wamelikemea hili mara kadhaa. Hakikisha pia mipango miji ya manispaa inasema eneo ni la makazi, muuzaji ni mwenyewe, na mke au mume wake amesaini.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na dalali anataka ya mwezi mmoja.

Sheria iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo ngao yako ni mkataba wa maandishi: notisi ya muda gani, nani anatengeneza kinachoharibika, kodi inapanda lini. Dalali mlipe baada ya kukabidhiwa funguo na mwenye nyumba mwenyewe, usimlipe barabarani.

Ulinzi shirikishi: mchango ni lazima? Na wakimkamata mwizi?

Mchango uliopitishwa kwenye mkutano wa mtaa, wenye stakabadhi na majina ya walinzi yanayojulikana polisi, utoe bila kinyongo. Baada ya matukio ya panya road, yale magenge ya vijana wavamizi, ya Septemba 2022 hakuna anayehitaji kuelezwa faida yake. Mchango unaodaiwa getini na vijana usiowafahamu, usio na karatasi, unaweza kuukataa.

Mtu akikamatwa, afungwe asikimbie, polisi wapigiwe 112, na asipigwe. Kijana anayechomwa kwa tairi anaweza kuwa fundi aliyekosea nyumba. Hata akiwa mwizi kweli, ana mama yake mtaa wa pili.

Nimeshalalamika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, mbona hakuna kilichofanyika?

Grupu linasaidia kutangaza msiba, maji yaliyorudi na mtoto aliyepotea. Lalamiko lililoandikwa humo linazama chini ya salamu za asubuhi, na kesho mtendaji anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba hakuletewa. Andika barua ya ukurasa mmoja: tatizo, mahali, lilianza lini, unaomba nini, majina na saini za nyumba zinazoguswa. Toa nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, urudi nayo nyumbani.